Mchungaji na Mzigo wa Masale

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba ilijaa Arusha, hata sisi wa Kikwe tukawa tunapalilia mahindi tumevaa makoti ya Ulaya. Langu lilikuwa jekundu, ninalo mpaka leo, vifungo tu ndiyo vimekwisha. Lakini nilitaka kusema habari za kanisa.

Kanisa letu dogo lilikuwa na amri ya kila kitu: nani aolewe na nani, nani asalimiwe. Binti yangu akaolewa na Mchaga, Mlutheri, seremala wa Ngarenaro. Mchungaji akamtenga. Hata mimi mama yake nikakatazwa kukanyaga kwake. Tukawa tunaonana kwenye mitumba, tunajifanya wateja, mjukuu nambeba kidogo tu kama namjaribishia sweta.

Baadaye mkubwa wa wachungaji, aliyeleta amri zile, alichokwa na watu, akaondoka. Mchungaji wetu akabaki, akasema sasa tunaanza upya. Jumapili akasimama mbele: "Kama kuna niliyemkosea, anisamehe."

Nikainuka. Shule niliishia darasa la pili, ila mdomo sikunyimwa. "Baba mchungaji, 'kama' ya nini? Sisi ulitusimamisha hapo tutaje kosa na tuliyemkosea. Na wewe taja!"

Halafu akina mama wa kwaya wakadakia: "Ataje! Ataje!"

Akataja, na la binti yangu nalo. Wazee wa kanisa wakamwambia amfuate kwake, akamwombe mwenyewe.

Mkwe akaleta jibu: aje, lakini na isale, jani ambalo Wachaga hupeleka wakiomba msamaha. Na mchungaji alikuwa amelihubiri jani hilo kuwa la shetani! Tulicheka jamani. Tena yeye mtu wa ziwani, hakujua jani moja latosha. Akafyeka ua wa masale wa watu pale Maji ya Chai, akafika Ngarenaro na mzigo begani, mimi nyuma na koti langu.

Mkwe akatoka na randa mkononi. "Shikamoo mama. Mchungaji, umekuja kuomba msamaha au kulisha mbuzi?"

"Nimekosa," akasema, jasho linamtoka. "Nilimtenga mke wako bila haki."

Binti akachomoa jani moja. "Nimekusamehe. Hayo mengine rudi nayo kanisani, wapo wengi wanakungoja."

Kisha akanipa mtoto, pale pale mlangoni, mtaa mzima unaona.