Mwosha Makaburi wa Nyamahanga

Kankindi alikuja dukani kwangu mara ya kwanza si kununua, bali kukosoa. Nauza vifaa vya ujenzi na mawe ya makaburi Biharamulo mjini. Alipapasa kigae cha maonyesho, akaguna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, tajiri. Marumaru yako ina ukoko. Unauza au unafuga?"

Akaomba limau na kitambaa. Kabla chai haijapoa, kigae kiling'aa. Nikajua mtu huyu ni wa kumshika.

Alikuwa amepita miaka sitini. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yeye akazaliwa Nyamahanga. Kila Oktoba, kabla ya siku ya marehemu wote, alizunguka kuosha makaburi ya vigae, akiondoa nta ya mishumaa, kutu, kuvu. Lakini mwanawe mwenyewe, marehemu Irambona, alilala chini ya tuta la udongo tu, msalaba umeliwa na mchwa. Shemeji yake, Venance, alikuwa ameuza shamba lenye kaburi hilo. Mnunuzi alimwambia Kankindi waziwazi: "Baada ya siku ya marehemu nalima lote. Kaburi lenye jiwe nitalizunguka. Lisilo na jiwe silijui."

Kwa hiyo alitaka jiwe, nami nilikuwa na kazi. Danstan wa Ngara alikuwa ameagiza kupitia kwangu bamba jeupe la kaburi la baba yake, nalo lilifika na madoa ya kahawa iliyolowa mvua ndani ya lori. Pembeni nilikuwa na nusu ya bamba jingine, lililovunjika. Tukapatana: asafishe zima, achukue nusu.

"Ni nini hili?" aliuliza.

"Marumaru."

Akaenda nalo uani na ndoo ya limau.

Hapa kwetu vigae tunaviita marumaru, na jiwe lenyewe tunaliita marumaru. Mimi neno hilo limenisaidia kuuza. Sikuwahi kuona haja ya kulifafanua. Lakini kigae hakijali limau. Jiwe linaliwa. Asubuhi madoa yalikuwa yamepungua, na kila mahali maji ya limau yalipopita pamekufa, peupe bila uhai, kama jicho lenye mtoto wa jicho.

"Hukuniambia ni jiwe!"

"Nilikwambia marumaru."

"Na yale ya makaburini tunayaitaje, tajiri? Maandazi?"

Nikampa msasa wa maji. Akapiga magoti. Madoa yaliyobaki aliyapaka uji mzito wa magadi, akafunika kwa nailoni hadi ukauke na kuinyonya kahawa. Kisha akasugua, msasa mkali wa kukwaruza kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi, akimwagia maji, siku tisa. Mwisho alitumia blanketi kuukuu. Mng'aro ulirudi. Ukiinama ungeona uso wako, na ule wa Kankindi ulikuwa umekonda.

Danstan akaja mkesha wa siku ya marehemu. Akapitisha kiganja.

"Hapa pana bonde."

"Ni dogo, bwana."

"Baba yangu hakuwa mtu wa mabonde. Nalichukua kama utaniongezea lile nusu, niliweke miguuni pake."

Kankindi alikuwa amesimama pale pale, msasa mkononi. Nilipiga hesabu: Danstan ana ndugu, na ndugu zake hufa na kujenga. Nikasema, "Lipakieni."

Gari lilipoondoka, akauliza, "Na langu?"

"Kuna vigae saba vimebaki, vya rangi tofauti. Chukua vyote."

"Vigae bila saruji vitashikwa na nini? Na udongo?"

Saruji sikumpa. Alivifunga kwenye kanga, akavipanga juu ya tuta kwa mikono. Mvua ilipolegeza udongo vikateleza, na wiki iliyofuata mnunuzi akavirundika kandoni, akalima tuta, akapanda maharage juu yake.

Danstan ameniletea wateja watatu tangu hapo, wote wa mawe halisi. Wawili wanalalamikia madoa. Nimemtuma mtu Nyamahanga mara mbili. Kankindi amejibu kwamba magoti yanamuuma. Lakini nasikia anasugua meza ya altare kwenye kanisa moja huko Ngara, wanamlisha na kumlaza. Nimenunua mashine ya kung'arisha. Inachoma pembe za jiwe, na sijapata wa kuishika.