Saa ya Kusikiliza

Neno la mwisho alilolisema Dorah lilikuwa "maji". Wankyo, mama yake, analikumbuka vizuri kwa sababu alilijibu kwa kidole. Jioni hiyo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, ameshika simu ya mumewe, na ndani ya simu Mzungu mmoja alikuwa akizungumza mbiombio bila kupumua. Mtoto akaja akamvuta kanga.

"Mama, maji."

Wankyo akaweka kidole mdomoni. Dorah akanyamaza. Yule Mzungu alipomaliza, mama akainuka, akachota maji kwenye ndoo, akampa. Mtoto akanywa, akarudisha kikombe, akaenda kuchezea vifuniko vyake vya soda. Hakuna mtu aliyejua kwamba hapo ndipo maneno yalipokatika.

Siku hizo walikuwa wamepanga Kabasa, pale Bunda mjini, kwenye nyumba ya wapangaji wengi wenye ua mmoja na bomba moja. Mumewe, Revocatus, alikuwa muuguzi kwenye zahanati moja upande wa Kiabakari. Anaondoka asubuhi, anarudi jua likiwa limelegea. Alikuwa amepata watu wa kumpeleka Uingereza akauguze wazee. Kila kitu kilikuwa tayari, kimebaki Kiingereza. Mtihani wa kuandika alifaulu. Wa kusoma alifaulu. Wa kuongea ndiyo usiseme, maana Revocatus hajawahi kuwa na aibu. Kilichomwangusha mara mbili ni kusikiliza. Unavalishwa hedifoni, watu wanaongea humo ndani, wewe unajibu maswali. Na wanaongea mara moja tu. Hawarudii.

"Kiingereza nakijua, Mama Dorah," alimwambia mkewe aliporudi kutoka kwenye mtihani Mwanza mara ya pili, hata viatu hajavua. "Nikikisoma nakijua chote. Ila wakikisema kinanipita kama basi la Tarime. Nabaki na vumbi."

Akaanza kujinoa. Kila jioni, kabla ya chakula, ilikuwa saa ya kusikiliza. Alikuwa anajaza simu mazungumzo ya Wazungu wa kila namna: wanaonunua tiketi, wanaobishana chuoni, mama mmoja anayeeleza habari za nyuki. Kazi ya Wankyo ilikuwa kubonyeza.

"Nikishika mwenyewe nitajidanganya, nitarudisha nyuma," Revocatus alisema. "Shika wewe. Hata nikikuomba, usirudie."

Wankyo aliishia darasa la saba, kwao Butiama. Hakuelewa wale watu walisema nini, ila aliujua uso wa mumewe. Alijua neno lilipoingia na lilipompita. Likimpita, kope zake zilikuwa zinacheza kidogo, na Wankyo alitamani sana kurudisha nyuma. Hakurudisha.

Maneno magumu Revocatus aliyaandika kwa chaki ukutani, pale wanapopikia, ili mkewe akisonga ugali amwonyeshe moja kwa mwiko naye aseme maana yake. Moshi ukayapaka masizi, yeye akayapitishia chaki tena. Wankyo aliyajua kwa maumbo.

"Hili refu, linalokaribia dirisha, linasemaje?"

"Hali kuzidi kuwa mbaya. Kidogo kidogo."

"Ya mgonjwa?"

"Ya chochote. Mgonjwa, barabara, ng'ombe."

"Sasa si waseme tu anadhoofu?"

Revocatus akacheka. "Wakisema hivyo nitafelije?"

Baada ya kufeli mara ya pili alisema kelele za ua ule ndizo zilizomharibu, sikio lake halijapata utulivu wa kukomaa. Kwa hiyo Wankyo akavaa kanga yake nzuri, akapita mlango kwa mlango. Alianza kwa Mama Mhoja, anayekaanga furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuwauza barabarani.

"Mama Mhoja, jioni naomba redio uipunguze kidogo. Baba Dorah ana mtihani."

"Nitapunguza. Na jogoo wangu je? Nimwambie na yeye ana mtihani?"

Stanislausi, fundi baiskeli, akadakia akiwa anachungulia tairi: "Hapa tumekwisha, jamani. Hata kukohoa tutaomba kibali. Shemeji, mwambie huyo bwana akifika kwa hao Wazungu atutumie pamba za masikio!"

Wakacheka, lakini wakakubali. Mtu wa ua wenu akienda mbali, na ninyi mmekwenda kidogo. Ikawa kama sheria. Ikifika saa, redio inashuka, nyundo ya Stanislausi inalala, ndoo zinatuliwa polepole kama mayai, na watoto wanaambiwa wakachezee kule barabarani. Dorah peke yake alikuwa mdogo mno kutumwa barabarani. Alibaki ndani, na kidole cha mama yake.

Alijifunza haraka. Akiona tu simu imeshushwa rafuni, anakaa chini mwenyewe, anaweka mikono katikati ya magoti, anatulia mpaka sauti iishe. Wageni walimsifu. "Mtoto katulia huyu, kama sista!" Na Wankyo, si uongo, alijisikia vizuri. Mtoto anayesifiwa ni shanga za mama yake.

Wankyo alikuja kushtuka wakati wa kumwogesha. Walikuwaga na mchezo wao: mama anashika pua ya mtoto, anauliza "Hii nini?" naye anataja. Siku hiyo Dorah alishika pua yake, akashika sikio, akashika kitovu, vyote sawasawa, na mdomo umefungwa. Wankyo akajiambia ni meno. Akajiambia ni mafua. Akaanza kusikilizia, akipika, akifua. Mtoto alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Hata kulia alikuwa analia chini chini.

Akamwambia mumewe. Revocatus akachukua funguo, akazitikisa nyuma ya kisogo cha mtoto. Dorah akageuka upesi.

"Masikio mazima. Watoto wengine wanachelewaga."

"Hajachelewa, Baba Dorah. Alikuwaga anaongea."

Revocatus akatazama ukuta wake wa chaki kwa muda. "Nikimaliza huu mtihani tutamshughulikia. Nakuahidi."

Wankyo hakungoja ahadi. Alimbeba mtoto mpaka Musoma, wakapanga foleni ya hospitali tangu asubuhi, na daktari akamulika masikio na koo akasema hakuna ugonjwa. "Mzungumzishe, mama. Mzungumzishe sana." Walirudi na mkate walioununua mtaa wa Iringo, pale Musoma, na maneno hayo. Na jioni ilipofika, simu ikashushwa rafuni.

Jumapili moja walikwenda Butiama kumwona mama mkwe, bibi Dorotea. Wankyo akapiga goti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Bibi akamwita mjukuu kwa Kizanaki, jina la utani alilompa mwenyewe. Dorah akaja, akampa mkono, akatulia. Bibi akamtazama mdomo, akamtazama mwanawe.

"Huyu mmemfunga na nini?"

"Mama, atasema tu," alisema Revocatus.

"Wewe ulikuwaga na kelele mpaka ndama wanakata kamba. Huyu upole kautoa wapi?" Akamgeukia Wankyo, na sauti ikalainika. "Niachie hapa, Mama Dorah. Wajukuu wamejaa hapa, kutwa wanapigana na kuimba. Atabishana nao hata kwa kutukana. Mpaka baba yake amalize mambo yake."

Revocatus alisema ni sawa, kama mama yake mtoto amekubali. Wakamtazama Wankyo. Uani watoto walikuwa wanakimbiza kuku kwa makelele, na Dorah amesimama pembeni, anawatazama kama anayetazama ng'ambo ya maji. Wankyo alijua bibi anasema kweli. Lakini aliwaza: huyu bwana ataondoka, na Dorah naye akibaki huku, kile chumba nitakaa na nani, na ukuta? Aliwaza hivyo, na mdomo wake ukasema kitu kingine.

"Bado ananyonya kidogo, mama. Tutamleta baadaye."

Bibi hakubisha. Aliwafungia mihogo, akawasindikiza mpaka barabarani. Njia nzima mtoto alilala kifuani, na Wankyo alikuwa anakumbuka lile neno refu la karibu na dirisha.

Revocatus alipokwenda Mwanza kwa mara ya tatu, nyumba ikawa ya Wankyo. Basi lilipoondoka tu akarudi mbio, akafungua dirisha, akawasha redio mpaka mwisho. Akagonga sufuria kwa mwiko, akaimba nyimbo za kwaya, akaimba na za porojo alizozisikia kisimani utotoni. Mama Mhoja akachungulia.

"Leo umepagawa au umeachika?"

"Leo tunapiga kelele, Mama Mhoja! Leta na jogoo wako!"

Dorah alikuwa amesimama katikati ya chumba. Akaenda kwenye mlango, akausukuma kwa mikono miwili mpaka ukafunga. Akaenda kwenye redio, akaweka kiganja juu ya spika. Kisha akamgeukia mama yake, akaweka kidole mdomoni.

Wankyo akazima redio. Akakaa chini, akachota maji kwenye kikombe, akakishika mbali.

"Sema, mama. 'Mama, maji.' Leo hakuna mtihani. Sema."

Mtoto alikitazama kikombe. Alikuwa na kiu, alikuwa anameza mate. Hakukirukia, hakukinyooshea mkono, hakulia. Alikaa na kusubiri, jinsi alivyofundishwa. Mkono wa Wankyo ukachoka kabla ya mtoto. Akampa, akageukia ukuta ili uso wake usionekane.

Safari hii Revocatus alifaulu. Habari ilipokuja alipiga kelele kama zile za utotoni zilizokatisha ndama kamba, Mama Mhoja akapiga vigelegele, Stanislausi akagonga rimu ya baiskeli kama kengele.

"Nilisikia kila kitu!" Revocatus alimwambia mkewe, amemshika mabega. "Kila kitu, Mama Dorah. Kama ninavyokusikia wewe hapa."

"Hongera, Baba Dorah," alisema Wankyo, na aliimaanisha kabisa. Halafu akaanza kumtafuta mtoto. Walimkuta nyuma ya pipa la maji, ameziba masikio.

Zile wiki za kungoja safari, Revocatus alijitahidi, haiwezekani kumlaumu. Jioni alikuwa anampakata Dorah badala ya simu. "Sema baba. Ba-ba." Mtoto alimtazama mdomo kwa makini, akamgusa midomo kwa kidole, akaifunga. Siku ya mwisho alimbeba mpaka stendi na hakumshusha, anamnong'oneza sikioni njia nzima. Wankyo alitembea nyuma na begi. Hakusikia anamwambia nini.

Simu ya mazoezi ilibaki Kabasa, na ikaja kulia jioni moja, saa ileile ya zamani. Mama Mhoja alikuwa ameingia kuomba chumvi. Akapiga makofi.

"Ni yeye! Weka sauti, wote tusikie!"

Wankyo akaweka sauti ya nje. Revocatus alisikika kana kwamba yuko uani. Baridi aliiweza, wazee walikuwa wema, Kiingereza chao kilikuwa na lafudhi ngumu ila hakikumpita. Akauliza habari za Butiama. Kisha akasema, "Mpe Dorah."

Hakukuwa na haja ya kumwita. Dorah alikuwa amekwisha kaa chini mbele ya simu, mikono katikati ya magoti.

"Dorah! Dorah mama! Ni baba. Sema baba."

Mama Mhoja akaanza kucheka kwa furaha. Dorah akamgeukia, akaweka kidole mdomoni. Mama Mhoja akameza kicheko.

"Dorah? Mbona kimya? Mtandao umekata?"

"Haujakata," alisema Wankyo. "Yupo hapa. Anakusikiliza."

Revocatus akarudia. "Sema baba." Akarudia tena, taratibu, na tena, na sauti yake ikawa inapungua. Dorah hakutoa mikono magotini mpaka simu ilipokatika. Ndipo akainuka, akaenda kwenye ndoo, akasimama pale, akamtazama mama yake.