Siku Tuliyompeleka Lina Kreta

Gari la baba lilikuwa na harufu tatu, na hata leo ukinifunga macho naweza kukutajia moja moja: dizeli, vumbi jekundu la Karatu lililoingia hadi ndani ya sponji za viti, na yale mafuta meupe ambayo wageni hujipaka wasiungue na jua. Hiyo ya tatu ndiyo iliyotuambia kwamba msimu umeanza. Baba alikuwa dereva wa watalii. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, watoto wa Ulaya wanapokuwa likizo na wazazi wao wanakuja kwa makundi, nyumbani kwetu Endamarariek alikuwa anapita tu, kama mtu aliyesahau kitu. Analala usiku mmoja, anabadilisha nguo, anaondoka. Akija anatuletea masanduku ya chakula cha mchana ambayo wageni wameyaacha nusu: yai la kuchemsha, kipande cha kuku kilichopoa, keki ngumu, juisi ya boksi. Mimi na mdogo wangu Lina tuligombania juisi mpaka mama anaichukua na kuinywa yeye mwenyewe mbele yetu, bila haraka, ili tujifunze adabu.

Kutoka shambani kwetu, mbaazi zikiwa hazijarefuka, tuliuona msitu wa ukingo wa Ngorongoro upande wa kaskazini, na karibu kila asubuhi wingu limeukalia. Nyuma ya wingu lile ndiko ilikoshuka Kreta, lile bonde kubwa la wanyama, na sisi, watoto wa mtu anayeshuka humo mara tatu kwa wiki, hatukuwahi kuiona. Shuleni walitucheka. Kulikuwa na mtoto wa muuza duka, familia iliyohamia kutoka Kilimanjaro, ambaye alikuwa ameshapelekwa mara mbili, na kila akisimulia habari za tembo alimgeukia Lina na kumuuliza kama baba yetu ni dereva kweli au anaosha magari tu. Lina alikuwa na miaka minane na mdomo wake haukuwa na breki. Alimjibu kwamba sisi tunasubiri msimu, kwa sababu wanyama wazuri hawatoki kwa kila mtu. Huo ulikuwa uongo mtupu, lakini aliusema kwa uso mkavu kiasi kwamba darasa zima liliamini.

Lina alikuwa anaumwa moyo. Ugonjwa ulianza na koo na homa, kisha magoti yakamvimba, kisha daktari wa hospitali kubwa akawaambia wazazi wetu kwamba moyo umeharibika upande mmoja na kwamba atachomwa sindano kila mwezi na kumeza vidonge kila siku. Kwa macho ya mtu wa kawaida hakuwa mgonjwa. Alicheza, alitukana, alipanda mti wa mparachichi nusu na kushuka akihema. Ila mama alikuwa na kazi moja ambayo hakuiacha hata siku ya Jumapili. Asubuhi, kabla Lina hajashuka kitandani, mama alimbonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu, karibu na kifundo. Ngozi ikirudi haraka, tunakunywa chai. Kidole kikiacha shimo, maji yameanza kujaa mwilini, na safari ni ya hospitali siku hiyohiyo, iwe mvua, iwe mavuno.

Mwaka ule baba alikuja mwanzoni mwa likizo yetu ya Juni akasema amepata siku. Bosi wake amemkubalia abaki na gari kwa siku moja, kati ya kundi la Wajerumani linaloondoka na kundi la Wamarekani linaloingia. Siku moja tu, msimu mzima. Kisha alifanya jambo ambalo sitalisahau: alikaa mezani, akafungua daftari, akatupangia programu kama anavyowapangia wageni wake. Kuamka saa kumi alfajiri. Lango la Loduare saa kumi na mbili kamili, kabla foleni haijawa ndefu, maana msimu ukichachamaa unaweza kukaa hapo mpaka jua liwe kali. Kushuka kwa njia ya Seneto. Chakula cha mchana Ngoitokitok, kwenye bwawa la viboko. Kupanda kwa njia ya Lerai kabla ya saa kumi. Akatuuliza, kwa sauti ileile ya kazini, "Wageni wangu mnapendelea kuona nini?" Lina akasema viboko. Mimi nikasema kila kitu. Baba akaandika viboko, akaandika kila kitu, halafu chini akaongeza mwenyewe neno faru na kulipigia mstari mara mbili.

Tulibaki na siku kumi na mbili za kusubiri. Lina alizihesabu kwa punje za mahindi kwenye kikombe, anatoa moja kila asubuhi baada ya kubonyezwa mguu. Zilipobaki punje nne, mjomba wetu alituma habari kutoka shambani Baray kwamba vitunguu vimekomaa na vibarua wamemkimbia. Mama na mjomba walilima shamba lile pamoja, na vitunguu vikikaa ardhini vinaoza. Ilibidi aende. Alituacha na shangazi, dada yake baba, mwanamke mwema asiyeona vizuri, na kabla hajapanda pikipiki aliniita pembeni. Mama alikuwa akizungumza nasi Kiswahili mbele ya watu, lakini jambo zito alilisema kwa Kiiraqw. Aliniambia nibonyeze mguu kila asubuhi, na nikiona shimo nimwambie shangazi hapohapo, hata kama Lina analia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilijiona mtu mzima, nikaitikia kwa kichwa kama mkunga.

Asubuhi ya kwanza ngozi ilirudi. Asubuhi ya pili nilibonyeza, nikatoa kidole, na shimo likabaki. Halikuwa kubwa. Lilijaa polepole tukiwa tunalitazama wote wawili. Kisha Lina akaniambia, "Tere, usimwambie shangazi." Nikasema mama ameagiza. Akasema tukienda hospitali watamlaza, wakimlaza siku itapita, na siku ikipita baba hana nyingine. Akasema ataenda hospitali kesho yake baada ya Kreta, ataenda mwenyewe kwa miguu. Ningependa kuandika kwamba nilibishana naye. Sikubishana. Nilikuwa nimeshamwambia yule mtoto wa duka kwamba tunakwenda, nilikuwa nimeshalifua gauni langu la Krismasi, na ndani ya moyo wangu nilikuwa nafurahi kwamba yeye ndiye aliyeomba, ili isiwe mimi. Nikamwambia shangazi mguu uko sawa. Siku iliyofuata shimo lilikuwa refu zaidi na Lina alilala akiwa ameegemea ukuta, anasema mgongo unamuuma. Nikasema tena uko sawa.

Baba alifika jioni ya kabla ya safari, amechoka, macho mekundu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mguu wa mwenzako vipi?" Nikamwangalia usoni nikamjibu, "Haujavimba, baba." Alfajiri viatu vya Lina vikakataa kuingia. Nilichukua soksi nene za baba zile za baridi, nikamvalisha mpaka magotini, na malapa juu yake. Baba alipoona soksi alicheka, akasema huyu mgeni anajua kujiandaa, kule juu baridi itatukata masikio.

Langoni tulikuta magari yameshapanga mstari. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tuliona taa tu, na madereva walishuka na kupeana mikono wakimtania baba, eti leo amepata wageni wasio na bakshishi. Aliwajibu kwamba hawa ndio wageni wakubwa kuliko wote msimu huu. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyomwona baba akiwa na furaha kamili. Tulipofika chini jua lilikuwa limetoka, na mimi sina maneno mapya ya Kreta, wengine wameshayasema yote. Nyumbu walikuwa wengi mpaka ikachosha kuwatazama. Pundamilia walijilaza barabarani na baba akawapigia honi kama mbuzi wa jirani. Alitueleza kila kitu kwa Kiingereza kwanza, kwa kujisahau, kisha anacheka na kuanza upya. Ngoitokitok tulikula mayai ndani ya gari kwa sababu ya mwewe, na viboko walikuwepo, migongo tu, wakipuliza maji. Lina aliwatazama muda mrefu, kidevu kimeegemea dirishani. Yai lake hakulimaliza. Alisema, "Wananuka kuliko wewe, Tere," na huo ndio utani wa mwisho niliousikia kutoka kwake.

Ilikuwa yapata saa saba. Lina akasema, "Baba, nimechoka. Twende nyumbani."

Baba alikuwa ameshawasha gari, na palepale redio ikaita. Msimu wa wageni madereva hawaachi redio hata dakika moja, akiona mmoja wamepata wote. Sauti ikasema kuna faru upande wa kinamasi, anaelekea Lerai. Nimefikiri sana kuhusu dakika ile. Baba hakuwa mtu mgumu. Mtoto akijikwaa nyumbani, yeye ndiye anayekimbia. Lakini pale alikuwa kwenye usukani, ndani ya Kreta, na miaka mingi ya kazi ilikuwa imemfundisha jambo moja: mgeni husema amechoka, ukimsikiliza na kumrudisha, kesho yake analalamika kwa bosi kwamba hakuona faru. Dereva mzuri hamsikilizi mgeni aliyechoka. Anamtia moyo, anamwahidi, anaendesha. Akamwambia Lina, kwa upole kabisa, "Kidogo tu, mama. Wote wanasema hivyo. Ukishamwona utanishukuru." Na mimi niliyekaa nyuma, niliyejua kilichomo ndani ya soksi, nilikuwa na neno moja la kusema. Nilitaka kumwona faru. Nikanyamaza.

Kufika huko tulikuta foleni ya magari pande zote mbili za barabara, na mengine yakaja nyuma yetu, kwa hiyo tukawa hatuwezi kwenda mbele wala kurudi. Tulikaa hapo karibu saa mbili. Faru alikuwa kitu cha kijivu mbali kwenye nyasi, hakisimami. Baba alifungua paa, akambeba Lina, akamsimamisha juu ya kiti na kumshikia darubini. "Umemwona?" Lina akasema amemwona. Mimi nilikuwa chini yake, nikaona amefumba macho.

Tulipoanza kupanda Lerai alikuwa anahema kwa mdomo wazi. Ukingoni, penye ile baridi na hewa nyepesi, midomo yake ikawa na rangi ya zambarau. Baba alitazama nyuma mara moja tu, kisha akaendesha namna ambayo sikuwahi kumwona akiendesha. Hospitalini Karatu muuguzi alimvua soksi kwanza. Zilikuwa zimechora alama ndani ya nyama, na miguu ilikuwa imejaa, inang'aa. Baba aliitazama miguu ile, na sikuweza kumtazama yeye.

Mama alifika kesho yake kutoka Baray, udongo wa vitunguu bado uko kwenye kucha. Daktari alimweleza kwamba maji yamekuwa yakijaa kwa siku kadhaa. Mama akaniuliza, "Ulibonyeza?" Nikasema nilibonyeza. "Haukuwa na shimo?" Nikasema haukuwa. Kabla hajaniuliza tena, baba alisema kwa sauti kubwa hata watu wa vitanda vingine wakageuka, "Mwache mtoto. Ni mimi. Aliniambia amechoka nikamfuata faru." Mama alinitazama kitambo, akageuka upande wa kitanda. Lina alifariki siku ya nne, asubuhi, wakati wanagawa uji.

Baba alirudi kazini baada ya mazishi kwa sababu msimu ulikuwa haujaisha. Ulipoisha alirudisha funguo za gari kwa bosi na hakuchukua nyingine tena. Watu wa kanisani walimsihi, madereva wenzake walimfuata nyumbani, akawaambia macho yamechoka. Amelima mbaazi tangu mwaka ule. Mama naye hakuniuliza tena, lakini alipojifungua mdogo wetu wa mwisho, hakuwahi kuniachia mtoto hata alipokwenda kuchota maji. Hilo nililielewa bila kuambiwa.

Sasa mimi ndiye ninayepanga. Nina meza kwenye ofisi ndogo Karatu mjini, na kuanzia Januari familia za mbali zinaniandikia kuhusu Julai: waingie saa ngapi, wapite njia gani, watoto watachoka au la. Mambo yamebadilika. Mashamba yaliyokuwa ya ngano kando ya lami yamekuwa hoteli, habari za faru zinaruka kwenye simu, na watoto wa shule za hapa wanashushwa Kreta kwa mabasi wakiimba. Moyo kama wa Lina siku hizi unapimwa mapema zaidi, na nawafahamu watoto wawili waliofanyiwa upasuaji na sasa wanacheza mpira. Nafurahi kwa ajili yao, na kila nikiwaona naumia upya.

Juni iliyopita binti yangu, ana miaka tisa, aliomba tena kwenda. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimekataa, wa pili nikakosa sababu. Jumapili moja nilikwenda Endamarariek kumwambia baba. Alikuwa anapepeta mbaazi uani. Aliweka ungo chini, akasema, "Nendeni. Lakini mtoto akisema amechoka, geuzeni gari. Msifanye nilichofanya mimi." Tulikuwa wawili tu. Mama alikuwa bado kanisani. Miaka yote ile baba alikuwa amebeba kifo cha Lina peke yake, na sehemu kubwa ya mzigo ule ilikuwa yangu, na sasa ulikuwa wasaa wa kumtua.

Nikasema, "Sawa, baba." Akaokota ungo, akaendelea na kazi yake.