Kitini, Mahali Pasipo Kiti

Juma lililopita, kipindi cha historia, msichana ninayekaa naye dawati moja alisimama mbele ya darasa kusoma kazi yake: asili ya jina la mahali karibu na kwao. Alichagua Kitini, uwanja wetu wa huku Kisauni, upande wa Junda. Akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Zamani, eti, Mzungu wa serikali alikuwa akija pale kuhukumu kesi. Wazee wakachoshwa naye, wakakipaka kiti chake ulimbo wa fenesi. Mzungu akaketi. Alipoinuka, kiti nacho kikainuka, akaondoka kimemganda nyuma hivyo hivyo mpaka kivukoni. Tangu siku hiyo, Kitini.

Darasa likapiga makofi. Mwalimu akasema, "Huu ndio utafiti!"

Mimi wanijua, hucheka hata matangani. Siku hiyo sikucheka. Uongo ule niliutunga mimi, nina miaka tisa, mdomo umejaa mahamri.

Ngoja nikurudishe. Uwanja wenyewe haukuwa na maajabu: mchanga, msikiti mdogo, maduka matatu na bomba la maji lililovuja tangu sijazaliwa. Lakini jina lake ulilisikia kutwa. Spika ya msikiti ikitangaza maziko, jeneza lilipita Kitini. Wageni wa posa walipokewa Kitini kwanza, ndipo waletwe nyumbani. Wanawake wawili wakigombana, mmoja alimwambia mwenzake, "Twende Kitini!" maana yake watu wote waje washuhudie. Na hakuna aliyeuliza kiti ki wapi, kama vile wewe huulizi pua yako ilitoka wapi.

Bibi ndiye aliyenilea. Enzi hizo, asubuhi mapema yeye hukaanga mahamri, iliki inanukia mpaka kwa jirani, nami niko juu ya mbuzi nakuna nazi ya kutia kwenye mbaazi, nikilalamika kama mfungwa. Kisha twabeba meza, sufuria na kigoda chake mpaka pembeni mwa uwanja. Kigoda hicho ndicho kiti pekee nilichopata kukiona Kitini.

Siku moja akaja mpangaji mpya, baba mmoja wa bara aliyefanya kazi bandarini. Akala, akaramba vidole, akauliza, "Sasa mama, hii kiti yenyewe iko wapi?"

Bibi akafuta mikono kwenye leso, tayari kueleza. Tatizo la bibi, hadithi yake huanza kwa kuuliza babako ni nani na babuyo alizikwa wapi. Sikuweza kungoja. Nikamrukia yule baba na Mzungu wangu na ulimbo wangu, nikainama nikatembea uwanjani kama mtu aliyegandwa na kiti. Alicheka hadi mbaazi zikammwagikia shati la kazi. Kesho yake akaja na wenzake watatu. "Hebu rudia ile ya fenesi!" Tukamaliza mahamri kabla ya saa mbili.

"Mwana mrongo we!" bibi akaniambia, naye machozi ya kicheko yanamtoka. "Astaghafirullah! Haya, kaa kitako nikwambie kwa nini paitwa Kitini. Mimi nimeambiwa na mamangu."

"Abee bibi, naja!"

Nami mbio, wenzangu washashika kamba ya kuruka. Aliniambia tena mwezi uliofuata, na mwaka uliofuata. Kaa kitako. Naja, bibi. Mpaka akaacha kuniambia.

Uongo wangu wenyewe haukukaa kitako. Ulipanda tuktuk, ukaenda Shanzu na wafanyakazi wa hoteli, ukarudi umenenepa. Sasa kuna tuktuk imeandikwa ULIMBO kwa rangi nyekundu nyuma. Nao wazee waliojua kweli ya jina, mmoja mmoja, walipitishwa uwanja ule ule wamebebwa begani.

Kwa hivyo Jumamosi nikaenda Kiembeni kwa shangazi, anakokaa bibi tangu alipoanza kutia chumvi kwenye chai na kuniita jina la mamangu. Sikuwa nimekwenda tangu likizo ya Aprili. Sikupenda kuitwa jina lisilo langu, hiyo ndiyo kweli.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe wa nani, mwanangu?"

Nikamwambia. Akaitikia kwa adabu, kama mtu aliyetajiwa mji asioujua. Nikakaa mkekani, miguu nimekunja, mikono mapajani. Shangazi aliponiona vile akauliza kama naumwa.

"Bibi," nikasema, "kwa nini paitwa Kitini?"

Macho yakamwaka. Wallahi, kwa dakika moja alikuwa yule yule wa meza ya mahamri. Akajivuta mbele. "Palikuwa na Mzungu," akasema, "akija kuhukumu kesi…"

Nikamwacha aendelee. Alitia ulimbo, akatia kivuko, hata ile tembea yangu ya kuinama akaiiga kwa mabega. Akacheka hadi akakohoa, shangazi akamletea maji.

"Na ile ya mamako, bibi? Uliyoambiwa na mamako?"

Akafuta mdomo kwa ncha ya leso. "Hii nimeambiwa na mjukuu wangu," akasema. "Mtoto mtundu huyo, hakai. Siku hizi haji. Wamjua?"

"Namjua, bibi."

"Mwambie aje."

"Yuaja."

Jioni nilishuka Kitini. Bomba limezibwa, mchanga umefunikwa kwa matofali, na pale penye meza yetu tuktuk zimepanga foleni. Dereva wa ULIMBO akaniita, "Dada, wapi?" Nikamwambia nipo tu. Nilitaka kukaa kidogo. Nikauzunguka uwanja mzima, na hapakuwa na pa kukaa.