Karatasi za Ukoo za Darasa la Nne

Naanza na karatasi yenyewe, kwa sababu watu husema mimi ndiye nilitafuta shida. Ilikuwa karatasi ya kompyuta, ile ndefu iliyoshikana, yenye matundu madogo pande zote mbili. Ukiivuta inakuja tu, inakuja, kama utumbo wa mbuzi. Dada yangu alikuwa akipiga taipu katika ofisi ya kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho, na mwaka huo ofisi yao ilikuwa imeunganishwa na intaneti kwa waya wa simu. Meneja akienda kula mchana, dada anaingia ndani, anatafuta masomo ya walimu, anawasha printa inayolia kama cherehani mbovu, na Jumamosi ananiletea nyumbani yakiwa yamefungwa kwa gazeti. Juu ya kila somo kumeandikwa Kiingereza kwamba ni bure kwa mwalimu yeyote, popote alipo.

Popote. Nilipenda hilo neno. Nilidhani na sisi tumehesabiwa.

Mimi sikusomea ualimu. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata mtoto, na kamati ya wazazi ikaniandika kufundisha darasa la nne kwa sababu mwalimu wa serikali aliyeletwa alikaa wiki mbili akaenda. Shule yetu iko upande wa Sotik, karibu na mpaka wa Kisii. Nusu ya watoto walikuwa wa wenyeji, Wakipsigis kama mimi. Nusu nyingine walikuwa Wakisii, wazazi wao wanachuna chai kwenye mashamba makubwa au wamenunua vipande vyao vidogo na kujenga. Miaka michache nyuma, wakati wa kura, nyumba zilichomwa hapa mpakani, zao na zetu. Baba ya mtoto wangu ni Mkisii. Wakati wa moto alivuka kwenda kwao, akasema atarudi mambo yakitulia. Mambo yalitulia. Yeye hakurudi.

Basi nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu, vitabu tisa vya darasa zima, na kipande cha chaki ambacho mwalimu mkuu alikitoa kwenye droo kama anatoa jino lake. Usiniulize kwa nini nilizipenda hizo karatasi za dada.

Na zilifaa, nisidanganye. Tulisafisha maji ya mto kwa chupa iliyokatwa, mchanga na makaa, watoto wakapiga makofi maji yalipotoka meupe. Kulikuwa na somo la majani, limechorwa jani la mti usioota huku kwetu, nikalitupa hilo jani nikaweka majani mawili na chipukizi la chai. Msichana mmoja ambaye tangu Januari hakuwahi kuinua mkono akasimama akatueleza kwa nini jani lililokomaa halifai, na namna ya kulivunja bila kuumiza kichaka. Aliongea mpaka kengele. Mwalimu mkuu akapita dirishani akauliza, "Hawa wamekula nini leo?"

Muhula wa pili dada akaniletea somo la ukoo. Juu ya ukurasa mtoto anachora mti: yeye chini, wazazi, babu na nyanya juu. Kando anajaza idadi ya ndugu zake, babu alizaliwa wapi, familia ilihamia hapa kutoka wapi. Chini ya ukurasa anachora ramani ya njia kutoka shuleni hadi mlango wa nyumba yao. Nilisoma mara mbili nikaona ni tamu kabisa. Nikatafsiri, nikanakili mistari kwa mkono usiku na mchana, karatasi moja kwa kila mtoto. Kwanza nikajaza mfano, wa mtoto wangu mwenyewe: jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake, na kijiji chao kule ng'ambo. Kuta za darasa ni mbao zenye nyufa, hazishiki kitu. Nikaubandika kwa uji mzito nyuma ya mlango, pale mbao zimelala sawa. Watoto wakauangalia, kisha mlango ukafunguliwa ukaegemezwa ukutani kama siku zote.

Nikawaambia, "Nendeni mkaulize nyumbani. Alhamisi nataka karatasi."

Sasa hapa ndipo mimi, msichana wa Kipsigis, binti ya mama yangu, nilipofanya ujinga ambao hata mtoto wa nasari angeuona. Kwetu watoto hawahesabiwi. Ng'ombe hawahesabiwi, na watoto hawahesabiwi. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi anakuambia wapo. Na majina ya waliokufa si ya kuandikwa hovyo. Huitwa na wanawake mtoto anapozaliwa, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya, na hapo wamejua ni nani amerudi. Nilijua haya yote. Mimi mwenyewe niliitiwa hivyo, na mwanangu pia. Lakini karatasi ilitoka mbali, ilikuwa safi, na nikasahau ninakaa wapi.

Alhamisi watoto wa kwetu wakarudi na karatasi nyeupe. "Kogo amekataa," akasema wa kwanza. Kogo ni nyanya. "Kogo amesema mwalimu aandike za kwake." Darasa likacheka. Mwingine: "Kogo amesema wewe si daktari, watoto unahesabia nini?" Mmoja karatasi yake haikurudi kabisa, kogo alikuwa ameifunikia maziwa.

Watoto wa Kisii walileta zote. Wazazi wao ni watu wa kutaka mwalimu afurahi, mtoto asionekane mgeni. Walijaza kila mstari. Babu alizaliwa wapi, walihama lini, ndugu wangapi. Na ramani! Mungu wangu, zile ramani. Pita kwenye daraja la mbao, hesabu nyumba tatu, ya nne ina mlango wa bluu, mbwa wetu ni mweupe lakini haumi.

Nilizikusanya mchana huo, nikazipanga nisahihishe. Zilizoandikwa upande huu, nyeupe upande ule. Nikachukua kalamu nyekundu. Nilikuwa nimesahihisha kama nne hivi, na kwa moja niliandika "Vizuri sana, ramani inaeleweka."

Mama mmoja mchuma chai akaja mlangoni, kikapu bado mgongoni, aproni ya plastiki inadondosha maji. Mtoto wake alikuwa darasani kwangu. Hakuingia.

"Mwalimu, hujambo. Ile karatasi ya mtoto, inaenda wapi?"

"Haiendi mahali, mama. Ni ya darasa."

"Haiendi kwa chifu?"

"Hapana."

"Haiendi kwa wale vijana wa soko?"

Nikacheka. Nilicheka kweli. "Vijana wa soko wataka nini na kazi ya darasa la nne?"

Hakucheka. Akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Mwalimu, ile mara ya kwanza walikuwa wanauliza njiani. Nyumba ya fulani ni gani? Waliuliza, walikosea, wakachoma hata ya mtu wao. Sasa mzee wangu ameandika vizuri. Ana mwandiko mzuri sana, mzee wangu. Mimi nimemwambia, wewe, umeandika mpaka mlango."

Nikaangalia meza. Kulikuwa na marundo mawili. Nyeupe zilikuwa zetu. Zilizojaa zilikuwa zao, na hakuna iliyochanganyika. Hakuna mtu angeweza kuketi akatengeneza orodha kama ile, na mimi nilikuwa nimeitengeneza kwa kalamu za rangi, na kuipa alama.

Miguu ilipoa. Nasema ilipoa, kama nimesimama mtoni. Yule mama akasema, "Sasa umeona," akaenda kuchuna.

Ningezichoma hapo hapo. Lakini sikupata hata nafasi ya kuinuka. Mwalimu mkuu akaingia, na nyuma yake mwenyekiti wa kamati, mtu mkubwa, koti zuri, ndiye aliyeniandika kazi na ndiye angeweza kunifuta.

"Chamgei, mwalimu wetu wa kompyuta!" akasema. Nikaitikia salamu. "Nimeambiwa una kazi nzuri hapa. Watoto wamechora mpaka kwao."

"Ni kazi ya kawaida tu, baba."

"Wacha unyenyekevu. Nipatie nikaangalie. Kuna wenzangu wangependa kuona vile shule yetu imeendelea."

Wenzako gani? Nilitaka kuuliza. Nikauliza kitu kingine: "Zote, baba, ama hizi nyeupe?"

Akacheka sana, akampiga mwalimu mkuu begani. "Nyeupe nikafanyie nini, nifunge nyama?"

"Sijamaliza kusahihisha."

"Mpatie tu," akasema mwalimu mkuu. Huyu bwana hajawahi kukataa kitu maishani mwake. Angeambiwa atoe paa angeuliza aanze na bati gani. "Mpatie, utasahihisha zikirudi."

"Mwenyekiti apeleke watu kazi yenye makosa? Waseme shule yetu haisahihishi?" Nikayavuta marundo yote mawili upande wangu. "Kesho. Kesho asubuhi."

Mwenyekiti akanitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika. "Kesho ni sawa," akasema. "Kesho nakuja mwenyewe."

Na niseme wazi, mpaka leo sijui alitaka nini. Huenda alitaka kujisifu tu. Wapo watu wa namna hiyo, hata choo kipya cha shule alikionyesha wageni mara tatu. Lakini uchaguzi ukipita mara moja mahali ukiacha majivu, mtu akikuomba ramani ya nyumba za watu huwezi kukaa ukapima kama ana moyo mzuri.

Walipoondoka tu nilizibeba kwenye leso ya mtoto, zilizojaa na zile nyeupe pamoja, nikaenda jikoni kwa mama anayepika uji wa nasari. Mwanangu alikuwa hapo na wenzake, kikombe mkononi, anangoja. Nikachutama nikaanza kusukuma karatasi chini ya sufuria.

"Wee! Unachoma kazi ya watoto?" mama wa uji akashangaa. "Walikosa zote?"

"Walipata zote."

Akaitazama ramani iliyokuwa juu. Halafu akachukua mwiko, akausogeza moto vizuri, akanisaidia kusukuma zilizobaki. "Uji leo utanuka wino," akasema, "na hakuna mtu ataniambia kitu." Nilikaa mpaka ile ya mwisho, yenye mbwa mweupe, ikajikunja ikawa nyeusi. Nikavunja majivu kwa kijiti, nikayavunja tena. Watoto wakanywa uji wao. Nikamwaga machozi nikasema ni moshi.

Usiku nikamwambia dada, aliyekuwa amekuja nyumbani kwa ruhusa ya siku mbili, asiniletee tena kitu. Akakasirika. "Karatasi ina kosa gani? Mwalimu aliyeiandika alitoa bure, kwa moyo."

"Yeye kwao akichora nyumba yake, ni mapambo," nikamwambia. Tukalala tumenuniana.

Asubuhi mwenyekiti akaja, peke yake. Watoto walikuwa uwanjani. Nilikuwa nimejipanga: nitasema mvua, paa linavuja, meza ililowa. Uongo mzuri, kila mtu anajua paa letu.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Zote zililowa."

"Zote, baba."

"Na wewe ukazipeleka jikoni zikauke."

Nikaanza kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

"Msichana wangu, mimi sigombani na wewe," akasema kwa upole, na upole ule ndio uliniogofya kuliko chochote. "Tuongee kama watu." Akageuka, akashika mlango, akaufunga ili watoto wasisikie.

Na nyuma ya mlango, karatasi ile ya mfano, imeshika vizuri kwa uji wangu mzito, ikawa inatutazama. Jina la mwanangu. Jina la baba yake. Jina la babu yake, kijiji chao, na chini ramani ya kutoka shuleni hadi kwa mama yangu, ambako tulikuwa tunalala.

Wiki nzima mlango ulikuwa wazi. Nilichoma za watoto wa watu wote, nikasahau ya wangu.

Aliisoma yote. Alisoma kwa midomo, kama anasoma Biblia. Halafu akaingiza kucha chini ya pembe moja, akaibandua taratibu, haikuraruka hata kidogo, akaikunja mara nne akaiweka mfuko wa ndani wa koti.

"Hii ni nzuri sana," akasema. "Hii haikulowa."

Ningemrukia. Nina mikono ya kuchuna chai, ningemshika hilo koti. Nilisimama tu. Hapo ndipo ninapojichukia, si kwa karatasi, kwa kusimama. Nilisema, "Ni ya mtoto wangu, baba, nirudishie," kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba maji.

"Nitakurudishia," akasema, akafungua mlango akaenda.

Hakurudisha. Kazi hakunifuta, na hilo pia linanitisha. Niliuliza mara mbili. Mara ya kwanza alisema amesahau nyumbani. Ya pili alisema, "Karatasi gani?"

Sasa nikienda darasani nachora ubaoni, nikimaliza nafuta kwa mkono wangu. Na Jumamosi iliyopita nilikuwa kituo cha kununulia majani na kikapu cha mama, mwanangu kashika sketi yangu. Ana miaka minne, anaongea na kila mtu. Mwenyekiti alikuwa kwenye foleni na majani yake. Akainama, akamsalimia mtoto kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake wa kule ng'ambo, yote matatu, bila kukosea.

Mwanangu akampa mkono na kumwitikia vizuri, akatabasamu, kwa sababu nimemfundisha adabu.

Nikatundika kikapu kwenye mzani. Karani akangoja, akangoja, akaniambia, "Mama, achilia kikapu. Ukikishika hivyo mshale hautulii."