Jasho la Karavani

Nilipokuwa nikilala peke yangu ndani ya karavani ile, kuta zake hazikuwahi kunisumbua. Nilikuwa karani wa ghala huko Viwandani, Nairobi. Chakula nilikula kibandani karibu na kazi, nikirudi jioni nilifungua mlango, nikasoma Zaburi, nikalala. Kazi yangu pale kiwanjani ilikuwa kuonekana tu. Kanisa letu lilikuwa limepata kiwanja Umoja, mtaa ukiwa bado unajengwa, na miaka hiyo kiwanja kisichokaliwa na mtu kilikuwa kikipata mmiliki mpya kila Jumatatu. Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao alituachia karavani yake, kijumba cha bati jepesi juu ya magurudumu mawili, ambacho alikuwa akikivuta kwa gari alipokwenda mbugani kutazama wanyama. Wazee wenzangu wa kanisa wakaisimamisha katikati ya kiwanja, wakaniomba nikae humo mpaka tujenge.

Nilikubali kwa furaha, na sababu yangu haikuwa ya kiroho sana. Tangu tufunge ndoa, mke wangu alikuwa akikaa Ukambani na watoto na mama yangu, nami nikikaa Kaloleni katika chumba kimoja na wanaume wengine. Tulionana Krismasi na Pasaka. Sasa nilikuwa na mlango wangu mwenyewe. Nikamwandikia aje. Akaja mvua za masika zikielekea mwisho, watoto akawaacha na nyanya yao.

Alikuwa na pumu tangu utotoni. Kule kwetu, kwenye joto na vumbi kavu, ilimwamkia mara chache, naye aliijua kama mtu anavyomjua jirani mgomvi. Nairobi ilikuwa habari nyingine.

Hazikupita siku nyingi kabla ya ukuta kuanza kutoa maji. Asubuhi tuliamka tukakuta matone yamejipanga juu ya vichwa vyetu, na yaliyokuwa yamekwisha kudondoka yameloanisha blanketi. Madirisha ya plastiki yalikuwa yakitiririka kwa ndani. Nilipoinua godoro la sponji, nikakuta ubao wa chini umelowa na kuota kuvu, jeusi kama masizi. Nguo za kabatini zilinuka kama gunia lililosahaulika mvuani.

Nilisema ni mvua, kama ambavyo mtu yeyote angesema. Mtu akiona maji ndani ya nyumba hutazama paa. Jumamosi moja nilipanda juu na debe la lami nikapaka kila mshono. Kulikuwa na kitundu cha hewa chenye kifuniko katikati ya paa. Nikakifunga kwa nailoni na kukipaka lami nacho. Mke wangu akasokota vitambaa akavisukuma kwenye kila ufa wa mlango na madirisha, baridi isimfikie kifuani. Tulipomaliza, upepo wote uliishia nje, tukamshukuru Mungu kwa kazi nzuri.

Asubuhi yake maji yalikuwa yameongezeka.

Kikohozi kilikuja nayo. Kwanza cha alfajiri, kisha cha mchana kutwa. Alipanda ngazi mbili za mlango akasimama, mkono kwenye fremu, mabega yakipanda na kushuka, akingoja pumzi imrudie. Zahanatini walimpa vidonge na sindano pale alipozidiwa, wakamwambia akae mahali pakavu. Nilimwambia arudi nyumbani.

“Nimekuja juzi,” akasema.

“Kule kukavu.”

“Kule wewe hauko, Baba watoto. Nimekaa pakavu miaka mingi. Niache nilowe kidogo.”

Alisema kwa mzaha, lakini hakurudi, nami sikumlazimisha.

Washirika waliposikia anaumwa, walikuja. Hiyo ndiyo desturi yetu, na ni desturi njema: mgonjwa huzungukwa, huwekewa mikono, huimbiwa. Walikuja Jumatano jioni na Jumamosi, na walipoona anazidi kudhoofika wakaongeza siku. Mwenyekiti wa akina mama, mama wa makamo mwenye kifua kipana na sauti ya kuongoza nyimbo, ndiye aliyewapanga: hawa kitandani, hawa kwenye benchi, wengine wasimame. Mlango ulifungwa kwa ajili ya baridi. Stovu ya mafuta ya taa iliwashwa na sufuria kubwa ya chai ikachemka humo humo ndani, kwa maana wageni hawawezi kuondoka na midomo mikavu. Tuliimba mpaka bati likatetemeka.

Jioni moja tone lilidondoka kutoka darini likaingia kwenye kikombe cha mzee mmoja mstaafu wa reli, mtu wa magharibi mwa Kenya, mcheshi. Akatazama juu, akatazama kikombe.

“Hata karavani yenu imeokoka, mzee,” akaniambia. “Tazama inavyotubu.”

Tukacheka sote. Mke wangu alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka kicheko cha watu kikafa.

Mwezi wa Julai washirika karibu wote walisafiri kwenda kumzika mwenzetu huko Kitui. Siku hizo hizo mafuta ya taa yalikosekana madukani, hivyo mke wangu akapikia nje, kwenye jiko la makaa chini ya kibati tulichoegemeza kwenye nguzo ya ua. Mvua ya baridi ilinyesha mfululizo, si kubwa, ile inayokwaruza bati kutwa nzima. Jumapili niliporudi kutoka ibadani nilimkuta ameketi kitandani, kiganja amekibandika ukutani.

“Njoo uguse.”

Nikagusa. Ukuta ulikuwa baridi lakini haukuwa na maji.

“Imenyesha tangu jana,” akasema. “Kama ni paa, leo tungekuwa tunaogelea.” Akasogea dirishani, akapuliza pumzi polepole juu ya plastiki. Ukafanyika ukungu mdogo wa mviringo, naye akaupitishia kidole, maji yakashuka. “Haya ni yetu, Baba watoto. Ni pumzi zetu, na chai, na nguo ninazoanika humu. Yanapanda, yanagonga bati la baridi, yanarudi. Na sisi tumeyazibia njia.”

Nilikaa chini. Nilifikiria lami, na vitambaa, na wale watu wote wema mlango ukiwa umefungwa. Sikutaka awe amesema kweli, kwa sababu niliona mbele yangu neno ambalo mtu angelazimika kuwaambia wale watu.

Alilisema mwenyewe, Jumatano, walipofika. Aliwapokea mlangoni akiwa amejifunga shuka.

“Bwana asifiwe. Leo nawaomba mniombee kutoka hapo nje.”

Mwenyekiti alidhani hakusikia vizuri. “Nje wapi?”

“Hapo dirishani, mama. Nitalifungua. Tukijaa humu, ukuta unalowa, na ukilowa silali.”

“Kwa hiyo maombi yetu ndiyo yanayokuletea maji?”

“Maombi hapana, mama. Pumzi.”

“Nimewaombea wagonjwa tangu wewe ukiwa mtoto. Hakuna hata mmoja aliyeniweka uani kama mchuuzi wa sukuma wiki.” Akageukia kwangu. “Na wewe mzee wa kanisa umenyamaza.”

“Anasema kweli, mama,” nikajibu. “Tumejaribu.”

Mwenyekiti alikaza kitambaa chake cha kichwa vizuri, akaondoka, na wengi wakamfuata. Mzee wa reli alibaki na wachache, wakaimba wimbo mmoja chini ya miavuli, sauti zikiwa nyembamba. Mke wangu alilia baada ya hapo. Alisema hakujua kama amechagua kifua chake au amewachukiza watumishi wa Mungu, na kwamba pengine ni yote mawili.

Tukafanya yaliyobaki. Niliikwangua lami nikafungua kitundu cha paa, tukang'oa vitambaa. Nikaenda sokoni Gikomba kwa maseremala, nikapata vibao vya kreti, nikavipigilia chini ya godoro kwa nafasi ili hewa ipite. Kila asubuhi tulifuta kuta kwa kitambaa kikavu na kukikamulia nje. Hatukupika tena ndani wala kuanika. Tulilala dirisha likiwa wazi upana wa kiganja, naye amevaa koti langu la kazini. Polepole harufu ya kuvu ikapungua, na godoro likakauka.

Kifua chake hakikukauka. Daktari alisema kimechoka.

Mwenyekiti alirudi mwenyewe, Jumamosi moja yenye manyunyu, amebeba kigoda na mwavuli. Hakugonga mlango. Aliweka kigoda chake chini ya dirisha, akaketi.

“Toa mkono,” akasema.

Mke wangu akapitisha mkono dirishani, na yule mama akaushika kwa mikono yake yote miwili, akaomba muda mrefu, mvua ikimgonga mgongoni. Baada ya hapo walikuja wote, wakipokezana mkono ule mmoja. Sijaona maombi mazuri kuliko yale, na nimeona mengi.

Alifariki Agosti, mchana, nikiwa nimemshika. Hakuwa na pumzi ya kuniaga, ila alikuwa na fahamu zake, na macho yake yalikuwa kwangu. Tulimpeleka nyumbani, kwenye udongo mkavu.

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, na Mungu amenitunza kuliko nilivyostahili. Watu huniuliza kama sikumlaumu Mungu. Nilimuuliza maswali, naam. Lakini nilikuwa nimekaa na mke wangu miezi mitatu chini ya paa moja, jambo ambalo wanaume wengi wa kizazi changu hawakulipata mpaka walipostaafu.

Tuliporudi kutoka mazishini, mwenyekiti aliingia karavani kunisaidia kukusanya vitu vya mke wangu. Alikuwa hajaingia tangu siku ile alipoombwa aombee nje. Akaondoa shuka, akalichukua blanketi, na badala ya kulikunja akaliweka shavuni.

“Kavu,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

Akalishika kwa muda. Kisha akanipa ncha mbili, tukalikunja pamoja.