Alichokiungama Redempta

Siku walipomzika Adamu, mwaka 1936, dada yake Mboni alisimama mbele ya waombolezaji pale kijijini Mbwawa akasema kaka yake hakufa kwa homa, kalishwa kitu na mkewe. Mke mwenyewe, Redempta, alikuwa hapo hapo mkekani, kanga imemfunika uso. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Kanisa lilikuwa moja, basi mmoja alikaa mbele na mwingine nyuma kabisa.

Redempta alikuwa mtu wa dini hasa. Hakukosa sala, hakuonja pombe, na watoto aliwafundisha katekisimu kwa fimbo. Watu walimwogopa kuliko walivyompenda, naye alitaka iwe hivyo. Alizoea kusema kwamba siku yoyote akiitwa, yu tayari.

Mwaka 1947 tumbo likamvimba. Wiki tatu hakula ila uji. Katekista Damiani akapeleka habari misheni, na padri akaja kwa baiskeli kumpa mpako wa mwisho. Kwanza alimwungamisha. Waliyosemezana hakuna aliyeyasikia, ila baadaye mgonjwa mwenyewe aliomba aitiwe Mboni.

Mboni akaja, akakataa kuketi. Alisimama mlangoni, akasema amekuja kuona tu kama ni kweli.

"Wifi," Redempta akasema, "mwaka ule nyumba yako ilipoungua, nilikuwa na mitungi miwili ya maji, imejaa. Nilikusikia ukilia kuomba maji, nikafunga mlango."

Mboni alimtazama. Moto ule ulimmalizia kila kitu, na mkono wake wa kushoto ulibaki na makovu, vidole vimejikunja.

"Nilijua," akasema. "Moshi ulikuwa ukitoka jikoni kwako. Anayepika ana maji. Usiniombe chochote."

Akaondoka. Redempta akapakwa mafuta, akafumba macho kungoja.

Hakufa. Uvimbe ulipungua, na baada ya mwezi akawa anatembea. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana Mboni alikwisha kuyaeneza maneno yale kijiji kizima. Wazazi wakawatoa watoto kwenye mafundisho yake. Akifika kisimani, wanawake walinyamaza mpaka ajitwike aondoke. Alimwendea Damiani kwa uchungu, akamwambia kwamba angejua atapona, asingefungua kinywa.

"Basi, mama," Damiani akamwuliza, "ulimwungamia Mungu au uliliungamia jeneza?"

Alimchukia kwa neno hilo. Wiki nzima hakusema naye. Kisha asubuhi moja alichukua jembe akaenda shamba la mihogo la Mboni, ambalo kwa mkono ule mmoja lilikuwa limemshinda, magugu yamefika kiunoni. Mboni alimkuta huko, akamtukana, akamtupia madongoa hadi njiani. Kesho yake Redempta akarudi.

Mwanzoni alipalilia akitega sikio, akidhani wifi yake atalainika. Hakulainika. Alimwita mchawi mbele ya watu, na mara mbili alimfungulia mbuzi wake wakapotea porini. Redempta naye hakuwa malaika. Alilima akisonya, mara nyingine akilia kwa hasira. Ila mwaka wa pili aliacha kutega sikio. Akimaliza safu hii alishika ile.

Mwaka 1951 alianguka kwa kizunguzungu shambani, wakambeba kumrudisha kwake. Safari hii padri hakuwahi kufika. Damiani alisali naye, akamwuliza kama yu tayari, kama alivyokuwa akisema zamani.

"Sijui," akasema. "Naogopa. Lakini nisomee sala."

Akamsomea mpaka pumzi ilipokatika.

Mazishini Mboni alikuja. Alichota udongo kwa ule mkono mbaya, akautupa kaburini, kisha akawageukia wanawake waliokuwa wakimkodolea macho.

"Msidhani nimemsamehe," akasema, akaenda zake kabla ya sala kwisha.